Breki Hushikwa Mara Tatu

Ukitaka kumjua Bi Kaza, mpelekee baiskeli siku una haraka. Utamjua siku hiyo hiyo, na hiyo haraka yako utarudi nayo nyumbani imeshapoa. Mwanamke yule hakabidhi baiskeli kwa mtu kabla hajaipanda mwenyewe. Uwe mwalimu, uwe muuza maziwa, uwe mkubwa wa ofisi mwenye viatu vinavyong'aa, utaambiwa maneno yale yale: "Kaa kwenye benchi, nakuja." Kisha anavuka barabara na baiskeli yako, anapanda kijiinuko kilicho nyuma ya ghala la mbao, anageuka, na anashuka mbio mpaka karibu na nguzo ya umeme. Hapo anashika breki. Baiskeli ikisimama kabla ya nguzo, ni yako. Isiposimama, inarudi karakana na wewe unarudi kwenye benchi, na malalamiko yako yaweke mfukoni.

Jina la Kaza alipewa na wateja, maana dawa yake ya kila kitu ni hiyo. Nati imelegea? Kaza. Kamba ya kiatu inaburuta? Kaza. Mtoto hasomi? Kaza. Ila wasiomjua vizuri hawajui kwamba neno hilo lina mkia. "Kaza, usipitilize," ndivyo asemavyo kamili, kwa sababu ameshaona wanaume wenye misuli wakikata skrubu kwa sifa, halafu wanamletea yeye wakisema ilikatika yenyewe. Yenyewe! Skrubu ina akili ya kujiua?

Karakana yake ni nusu ya chumba. Nusu nyingine ni ya mumewe, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Pasi. Sijapata kuona mtu nadhifu kama yule bwana. Suruali yake ina mstari unaoweza kukatia karatasi, nyuzi zake zimepangwa kwa rangi kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na hata sindano iliyovunjika haitupi hivi hivi, huifunga kwenye kipande cha karatasi kwanza. Katikati ya chumba umepigwa mstari wa chaki. Upande huu mafuta na spana, upande ule vitambaa na futi kamba. Mstari huo waliuchora mwaka wa kwanza wa ndoa yao, baada ya gauni la bibi harusi fulani kupata alama ya kidole cheusi mgongoni. Ugomvi wa siku ile sisimulii. Tangu hapo wameishi kwa amani, na mstari unapofutika yeyote aliye karibu huuchora upya.

Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza zile baiskeli nyeusi nzito, breki zake vyuma vitupu. Mama yao alipofariki, Bi Kaza alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake wa mwisho, Kitinda, alikuwa na minne. Basi akawa dada, akawa mama, na ndiye aliyemfundisha Kitinda kupanda baiskeli. Alimfundisha kwa utaratibu wake. Kabla ya mteremko wowote, hata uwe mdogo kiasi gani, unasimama juu, unaisukuma baiskeli hatua chache na unashika breki mara tatu.

"Mara ya kwanza ni ya breki," alimwambia, "ujue ipo au haipo. Mara ya pili ni ya barabara, ujue inateleza au haitelezi. Mara ya tatu ni ya mtu anayekungoja nyumbani."

"Nani ananingoja?" mtoto aliuliza.

"Mimi, mjinga wewe. Shika."

Kitinda akashika. Alikua, akasoma, akawa mkunga wa zahanati, na leo ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Anazunguka vilimani kwa baiskeli ya milima, yenye magurudumu mapana na breki za mafuta, kwenda kuwazalisha akina mama ambao gari haliwafikii. Na kadiri alivyokua ndivyo alivyozidi kumcheka dada yake. Ule utaratibu wa kushika mara tatu aliubatiza jina la sala ya breki. "Dada, umeshasali?" humuuliza mbele ya wateja, na benchi zima huvunjika mbavu. Bi Kaza hujifanya hasikii, lakini inamuuma. Mara nyingi amejiuliza kama yule mtoto, akiwa peke yake huko milimani, huwa anakumbuka hata hiyo mara ya kwanza.

Hizi breki za mafuta nazo Bi Kaza hakuzaliwa anazijua. Baiskeli ya kwanza ya aina hiyo ilipoletwa kwake, alitoa gurudumu, akaona kile kibano kidogo kinachobana diski, ile sahani ya chuma ya gurudumu, akasema, ebu tuone kinavyobana. Akaminya mkono wa breki, na gurudumu halipo. Lo! Pistoni zote mbili zikatoka na kukumbatiana, na pedi zikagandana. Alizibembeleza siku mbili, akazitukana siku ya tatu, na mwishowe akalia kwa hasira huku Bwana Pasi akimpepea na kipande cha kaniki. Baada ya hapo alinunua daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi kubwa: GURUDUMU LIKITOKA, USIMINYE. WEKA KIGAWANYO. Daftari hilo sasa lina kurasa arobaini, na kila ukurasa una machozi yake.

Ukurasa wa tisa unahusu uchafu. Diski na pedi hazitaki mafuta hata tone, kwa sababu zinashikana kwa kukwaruzana, na kitu kilichopakwa mafuta hakikwaruzi. Kidole chenye jasho tu ni adui. Kwa hiyo Bi Kaza ana kopo lenye mfuniko, na ndani yake mna vitambaa vyeupe vya pamba, vipya, visivyoguswa na mtu. Hivyo ni vya kufutia diski peke yake, kwa spiriti. Vitambaa hivyo hukatiwa na mumewe kutoka kwenye mabaki ya mashati ya shule, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kingo sawasawa. Kwa miaka yote hiyo kopo lile lilikuwa ndicho kitu pekee cha wote wawili, na lilikaa juu ya mstari wenyewe wa chaki.

Sasa sikiliza.

Asubuhi moja, saa tatu hivi, Kitinda aliingia akisukuma baiskeli yake, begi la kazi mgongoni.

"Dada, mkono wa breki umekuwa laini kama mkate uliolowa. Naminya mpaka unagusa usukani."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Tangu juzi! Na jana ulikuwa wapi?"

"Jana nilikuwa naogopa sauti hiyo hiyo unayoitoa sasa hivi." Akachomeka simu yake kwenye soketi iliyo karibu na cherehani, akajitupa kwenye benchi. "Shemeji, shikamoo. Leo umejipiga pasi na uso?"

"Marahaba, shemeji yangu," alijibu Bwana Pasi bila kuinua macho kwenye pindo. "Wewe uso wako ningeupiga pasi bure, lakini naona mikunjo yake imekukaa vizuri."

Kitinda akacheka hadi akakohoa. Hao ndivyo walivyo, mtu na shemeji yake.

Bi Kaza hakucheka, alikuwa tayari kazini. Aliisimamisha baiskeli kwenye stendi, akagusa diski kwa mgongo wa kidole, maana diski iliyotoka mteremkoni huunguza kama kikaango. Ilikuwa baridi. Akatoa magurudumu, akatoa pedi kuukuu na kuziweka mbali, akarudisha pistoni ndani taratibu kwa kipande cha plastiki, akaweka kigawanyo katikati yake zisikutane. Kisha akavaa glavu na kusoma maandishi kwenye kifuniko cha tangi dogo la mafuta, japo ameyasoma mara ishirini. Zipo breki za mafuta ya aina hii na zipo za aina ile, na ukichanganya unaua mipira yote iliyomo ndani. Akafunga bomba la sindano chini kwenye kibano, na jingine juu kwenye mkono wa breki, akasukuma mafuta mapya polepole, huku akiupigapiga mpira unaopitisha mafuta kwa mpini wa bisibisi. Viputo vya hewa vikapanda kimoja kimoja.

"Ona," alimwambia Kitinda. "Hewa hiyo ndiyo mkate wako uliolowa. Ukiminya, unaminya hewa badala ya breki."

"Kama tumbo la mtoto mchanga. Kumpigapiga mgongoni tu mpaka acheue."

"Haya mkunga, cheusha na ya nyuma basi."

Kitinda akachukua bisibisi akapigapiga, na dada yake akasukuma bomba. Walifanya hivyo mabega yakigusana. Bi Kaza alijisikia raha moyoni, ingawa hata ungemlipa asingekiri.

Alipomaliza alifunga vifuniko, akafuta kila tone lililodondoka, akatupa glavu zile na kuvaa safi. Akaweka pedi mpya, akarudisha magurudumu, na mwisho kabisa akafungua lile kopo, akachukua kitambaa cheupe, akakimwagia spiriti na kufuta diski zote mbili. Akaminya mikono ya breki. Migumu, imara, inagota katikati bila kugusa usukani. Akavua aproni ili akapande kile kijiinuko.

Hapo ndipo simu ya Kitinda ilipoita. Aliipokea ikiwa bado kwenye waya, akasikiliza, na kicheko chote kikamtoka usoni. Mama mmoja, mimba ya kwanza, ng'ambo ya kilima, chupa imepasuka na yupo na mama mkwe wake tu.

"Naondoka," alisema, na mikono ilishakamata usukani.

"Subiri nikaijaribu. Dakika tano."

"Dada, hizo dakika tano anazo nani? Leo hakuna sala ya breki."

"Kitinda!"

"Nitasali njiani!" Akachomoka mlangoni na begi lake, akapinda kona ya ghala la mbao na kupotea.

Bi Kaza alisimama mlangoni, aproni mkononi. Miaka thelathini hajawahi kutoa baiskeli bila kuijaribu, na ya kwanza kutoka hivyo ni ya damu yake mwenyewe. Alijiambia mikono ilikuwa imara, mafuta yalikuwa mapya, asiwe mzee wa kuogopa kivuli. Miwani yake ilikuwa imepata jasho. Akaivua, akachukua kitambaa kingine kwenye kopo, akaifuta vizuri na kuivaa.

Dunia ikawa ukungu. Mtaa mzima ulionekana kama umefunikwa na ngozi ya maziwa. Akaivua, akaifuta tena, na ukungu ukazidi. Akakileta kitambaa puani.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini, na Bwana Pasi akaacha kushona papo hapo, maana sauti hiyo aliijua. "Nani amegusa kopo langu?"

"Mimi," alisema Bwana Pasi, tena kwa fahari kidogo. "Alfajiri nilikuwa natia mafuta cherehani. Nilitumia vitambaa vyako vitatu vinne kuifutia, lakini usiwe na wasiwasi, sikuvichafua. Mafuta ya cherehani ni meupe kama maji. Nikaviangalia, safi kabisa, nikaona ni dhambi kutupa kitambaa cheupe. Nikavikunja, nikavirudisha."

Amevikunja. Kingo sawasawa.

Msomaji, hebu mwonee huruma. Mwingine angevitupa uvunguni na habari ingekwisha. Unadhifu wa yule bwana ndio uliotuponza. Na Bi Kaza asingeweza kunusa kitu wakati anafuta diski, spiriti ilikuwa imefunika harufu yote. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amezipaka diski za mdogo wake mafuta, akaweka na pedi mpya zije zinywe.

Mbele ya Kitinda ulikuwepo Tubu. Ndilo jina la ule mteremko wa upande wa pili wa kilima, ambao kila anayeushuka kwa kasi hufika chini ameshatubu makosa yake yote na mengine ya jirani. Una mawe yaliyolegea na kona mbili kali, na kwenye kona ya pili kuna korongo.

"Mpigie simu!" alisema Bwana Pasi, tayari amesimama.

Bi Kaza akapiga. Simu ikaita pale pale kwenye soketi, karibu na pasi.

"Mungu wangu," alisema Bwana Pasi.

"Baiskeli!" alisema Bi Kaza.

"Chukua ile kubwa nyeusi!"

"Haijajaribiwa!"

"Mama, sasa hivi ndio wakati wa..."

"Haijajaribiwa, nimesema! Tukiwa wawili korongoni nani atamvuta mwenzake?"

Iliyokuwa imejaribiwa ni moja tu, ya binti wa miaka minane wa mwoka mikate, ya waridi, yenye kikapu mbele na kengele yenye picha ya kipepeo. Bi Kaza akaipanda. Mwanamke wa miaka hamsini na kilo zake za kutosha, magoti yakigonga viwiko, akatoka mbio kama aliyefukuzwa na nyuki. Nyuma yake akatoka Bwana Pasi kwa miguu, futi kamba ikipepea shingoni.

Mtaa ulifurahi, usiulize. "Bi Kaza, umerudi utotoni?" "Bi Kaza, kaza!" Kinyozi alitoka na mteja wake akiwa na povu nusu kichwa, waone wote wawili. Siku nyingine angewajibu mmoja mmoja kwa zamu. Siku hiyo hakuwasikia. Alikuwa akiona kona ya pili ya Tubu, na kila alipokanyaga pedeli alisema, "Shika, mtoto wangu, shika, shika mara moja tu, hata moja." Alikumbuka alivyomchania nywele akiwa na miaka minne, alivyokuwa akimvuta masikio kwa kukimbia bila viatu, na akajiuliza kwa nini hakumng'ang'ania pale mlangoni. Kilima kilipomshinda alishuka, akaikokota ile ya waridi, kisha akaibeba kabisa.

Juu ya kilima hapakuwa na Kitinda.

Lakini baiskeli ilikuwepo. Ilikuwa imeegemezwa kwenye kibanda cha muuza machungwa, mzee mwembamba anayekaa hapo kila siku, mdomo haumkauki. Bi Kaza alimtazama mzee, akatazama baiskeli.

"Umefika, Fundi," alisema muuza machungwa, huku akimenya chungwa kwa ganda refu lisilokatika. "Alisema utakuja, ila hakusema utakuja na hiyo." Aliiangalia ile ya waridi kwa heshima. "Mkunga ameshuka kwa miguu. Amekimbia, begi kichwani. Kasema nikwambie breki zinateleza, umfanyie nyingine, na usilie."

"Alijuaje?" Bi Kaza aliuliza. "Alijuaje zinateleza?"

"Si alizijaribu." Mzee alishangaa swali lenyewe. "Kama kila siku. Akifika hapa hushuka, huisukuma hatua kumi, hushika mara tatu. Miaka sita namwona, mvua na jua. Tena huwa anahesabu kwa sauti. Ya breki, ya barabara, ya dada. Leo ya kwanza akashika, baiskeli ikaendelea kutembea kama haijasikia. Akashika tena, vile vile. Akaniachia mimi, akaondoka mbio."

"Ya nani, umesema?"

"Ya dada. Mimi nilidhani ni dini yenu."

Bi Kaza akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akiwa amempakata kipepeo wa kengele. Akalia, kisha akacheka, kisha vyote viwili vikagongana. Muuza machungwa akampa chungwa, maana ndiyo dawa aliyokuwa nayo. Miaka yote ile mtoto alikuwa akimcheka mbele ya watu, na huku mlimani, pasipo na wa kumwona ila mzee mmoja na machungwa yake, hajawahi kuruka hata mara moja.

Bwana Pasi alifika akiwa hoi. Suruali imejaa vumbi hadi magotini na ule mstari haupo tena, mguu mmoja umekunjika huku, mwingine kule. Alipomwona mkewe yuko chini analia, naye akakaa, akaanza kulia bila kuuliza.

"Mzima," Bi Kaza alimwambia. "Acha. Mzima."

"Nimemuua shemeji yangu kwa usafi."

"Hujamuua mtu. Kula chungwa."

Walirudi wakiwa wanakokota baiskeli mbili, na njiani Bwana Pasi aliomba msamaha mara saba, akasamehewa sita. Ya saba Bi Kaza alimwambia angoje kwanza mtoto arudi. Karakanani Bi Kaza aliyavua magurudumu upya, akatoa zile pedi mpya na kuzitupa, maana pedi ikishakunywa mafuta imekwisha, ukipenda usipende. Vitambaa vyote vya kopo vilikwenda upande wa kufutia minyororo. Bwana Pasi alikata shati jipya kabisa, shati zima la mteja ambaye angemshonea jingine, na mkewe akanusa kila kipande kabla ya kukikubali. Diski akazifuta mara tatu kwa spiriti, kila mara na kitambaa kingine.

Saa kumi na mbili jioni Kitinda aliingia, vumbi hadi nyusi, viatu mkononi.

"Wa kike," alisema. "Mzima, ana sauti kama king'ora. Na alikuwa na adabu kuliko mama yake, alinisubiri. Nimefika, nimenawa mikono, akaja." Kisha akamwona shemeji yake, ambaye kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa alikuwa ameketi na suruali iliyokunjamana. "Shemeji! Umepata msiba?"

Bwana Pasi akamweleza yote, mwenyewe, bila kujificha nyuma ya neno. Kitinda alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ungeniua," alisema, "halafu ungenikunja vizuri?"

Kisha kicheko chake kikatoka, Bwana Pasi akafuata, na mwishowe hata Bi Kaza, ambaye alikuwa akijidai anatafuta spana. Tangu siku hiyo kopo lina mfuko wake wa turubai ulioshonwa kwa mkono wa fundi mwenyewe, na juu yake ametarizi kwa uzi mwekundu: USIGUSE, HASA WEWE. Limehamishwa pia kutoka kwenye mstari, liko ndani kabisa upande wa spana.

"Haya, nipe baiskeli yangu," alisema Kitinda. "Jua linazama na nina miguu kama maboga."

"Ipo tayari," alisema Bi Kaza, na kwa mara ya kwanza akasita. "Ukiwa na haraka, chukua tu. Nimeiangalia mara tatu."

Kitinda alimtazama. Hakusema kitu kuhusu muuza machungwa, wala dada yake hakumwambia alichoambiwa. Alimwachia dada yake baiskeli, akatoka, akavuka barabara akiwa peku, akaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme. Hapo akageuka, akasimama mbele ya nguzo, mikono kiunoni.

"Toka hapo!" Bi Kaza alipiga kelele kutoka kwenye kijiinuko, tayari juu ya baiskeli. "Isiposimama je?"

"Si umeitengeneza wewe?"

"Kitinda, toka!"

"Sitoki. Sali, dada, nakungoja."

Bi Kaza akaisukuma hatua chache. Akashika ya breki. Akashika ya barabara. Akamtazama yule mtoto wa miaka thelathini na kitu kule chini, akashika ya tatu, akaachia, na kushuka.